Mapinduzi ya Kipande Kimoja cha Mkate

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

PROFESA: Ndugu mwananchi! Utawala wa zamani umeanguka. Kuanzia asubuhi ya leo—

DADA: Umefukuzwa shule?

PROFESA: Bado. Yaani, hapana. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Sema haraka, nina gauni la bibi harusi kwenye cherehani.

PROFESA: Nina zoezi la historia. Kulinganisha mapinduzi: sababu zake na damu iliyomwagika. Karani kaniazima simu ya ofisi, dakika tano. Yupo hapa hapa. Anakusalimu.

DADA: Mwalimu wako hayupo?

PROFESA: Yupo, ila ana hasira. Haya, Ufaransa. Mkate ukapanda bei, mfalme akakatwa kichwa.

DADA: Si mkate tu. Na kodi, wakubwa hawalipi. Na hawakuishia kwa mfalme.

PROFESA: Urusi. Foleni za mkate, vita—

DADA: Na maskini wakafa wengi kuliko wafalme. Andika hilo.

PROFESA: Nimeandika. Halafu kuna la tatu. Shule fulani ya bweni. Vipande viwili vya mkate vikawa kimoja.

DADA: [Cherehani inanyamaza.] Shule gani?

PROFESA: Haimo kitabuni. Wanamapinduzi wakaficha nyundo ya kengele. Hakuna kengele, hakuna kuamka. Shule nzima ikalala mpaka saa tatu. Hata bakuli halikuvunjika.

DADA: Hayo si mapinduzi, huo ni usingizi.

PROFESA: Usingizi wa umma.

DADA: Na mkate umerudi?

PROFESA: Wapi! Tumekosa hata kile kimoja, saa ya chai ilishapi—

DADA: Tumekosa?

PROFESA: Krrr... mtandao... krrr...

DADA: Acha kukwaruza kwa mdomo, nakusikia vizuri. Mwalimu mkuu kafanywa nini?

PROFESA: Mzima. Amekunywa chai.

DADA: Basi kichwa cha nani kimekwenda?

PROFESA: Krrr... mtanda—

DADA: Profesa.

PROFESA: Mzee wa kengele. Wamemfukuza kazi, eti kapoteza nyundo kwa uzembe. Miaka kumi na tisa, dada. Namwona dirishani, anafunga godoro lake kwa kamba.

DADA: Ehe.

PROFESA: Nilitaka kuuliza tu. Huko Ufaransa, kuna aliyewahi kusema: jamani, mwacheni huyu, ni mimi?

DADA: Ya Ufaransa siyajui. Nyundo iko wapi?

PROFESA: Dada, karani yupo—

DADA: Iko wapi?

PROFESA: Ndani ya mto wangu. Nimeilalia. Shingo haigeuki.

DADA: Mpe karani simu.

PROFESA: Hana haja nayo. Ameacha kuandika tangu niliposema "tumekosa". Ananitazama.

DADA: Anasemaje?

PROFESA: Anasema dakika tano zimekwisha. Na mzee amefika getini.

DADA: Sasa unangoja nini, we mtoto?

PROFESA: Na baba je?

DADA: Baba niachie mimi. Kimbia!

PROFESA: [Mbali na simu.] Mzee! Mzee wa kengele! Tua godoro! Ni mimi!