Mwenyekiti Kala Mtandao

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la Bi Chapa, mama wa uchapishaji. Limewekwa pale kwa sababu moja: ndipo mtandao wa duka unaposhika vizuri. Wenye benchi ni watatu: Kanali, fundi viatu ambaye hajawahi kushika bunduki, Dokta, mziba pancha, na Spika, muuza kahawa. Bi Chapa alichoka kuona bando likiisha kabla ya nusu ya mwezi, akamwita mpwa wake, fundi wa kompyuta. Binti akaweka programu ndogo kwenye kila simu, iwe inaiambia kompyuta ya dukani nani anavuta kiasi gani. Majibu ni leo. Mlaji akiwa wa benchini, mtandao wa benchi unafungwa. Na leo hiyo hiyo, alasiri, binti wa Kanali aliye mbali angepiga simu ya video kumwonyesha baba yake mjukuu wa kwanza. Kanali alikuwa akipiga misumari kwenye soli aliyokwisha kuimaliza.

— Mtandao unavuja, — alisema Spika akimimina kahawa. — Madirisha ya duka wazi kutwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Unavuja kama maji? — aliuliza Dokta.

— Kama harufu ya kahawa. Mbona hii unaisikia ukiwa kule kwenye pancha zako?

— Hamna. Ni ndege. Wanatua kwenye antena, wakiruka wanaondoka nao miguuni.

— Ndege aperuzi nini?

— Hali ya hewa! Wewe unadhani anaijuaje mvua kabla yako?

Spika hakukubali kushindwa.

— Basi sikia. Ni watu waliohama mtaa huu. Simu ikishauonja mtandao wa hapa, hata uende nayo ng'ambo inauvuta tu. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

— Kamba ya kuvuka bahari?

— Jamani, — alisema Kanali, — ubaki tu mpaka nimwone mtoto. Baada ya hapo ndege na mbuzi wagawane.

— Tulia, — alisema Spika. — Subira huvuta heri.

— Na bando je, hailivuti? — aliuliza Dokta.

Mpwa wa Bi Chapa akatoka, kompyuta mpakato mkononi.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Mlaji kapatikana. Nusu ya mtandao wa duka zima kala mtu mmoja wa hapa benchini. Jina aliloandika kwenye programu ni Mwenyekiti.

Nyundo ya Kanali ilibaki hewani. Juzi binti huyu alipowaambia kila mtu aandike jina lake la kijiweni, Kanali aliifunika simu kwa kiganja akaandika Mwenyekiti. Ubao si aliuleta yeye?

— Mwenyekiti? — alisema Dokta. — Hapa hatuna cheo hicho.

— Hatujawahi kuwa nacho, — alisema Spika, akifuta kikombe kilichokuwa safi.

Kanali akaweka nyundo chini.

— Ni mimi, binti. Nifungie, lakini kesho. Leo nina mgeni wa kumpokea.

Dokta akakohoa.

— Na mimi.

— Mimi pia, — alisema Spika, taratibu kuliko walivyowahi kumsikia.

Binti aliwatazama mmoja mmoja, kisha akakaa ubaoni kwa kishindo.

— Kumbe! Programu ikiona jina moja inadhani ni simu moja, inajumlisha. Nilipaswa kuiagiza isome namba ya kila simu, si jina. Kosa ni langu. — Vidole vyake vikakimbia. — Haya, nimewatenganisha. Kila mmoja peke yake hafiki hata robo.

— Na wa kwanza sasa ni nani? — aliuliza Kanali.

Binti alichungulia dukani, akashusha sauti.

— Shangazi. Na tamthilia zake.

Waliziba midomo kwa viganja, mabega yakicheka.

— Kwa hiyo hafungi? — aliuliza Kanali.

— Atamfungia nani, baba? Ila majina tubadilishe, Mwenyekiti abaki mmoja. Haya, wazee, Mwenyekiti wa hapa hasa ni nani?

Dokta alimtazama Spika, Spika akamtazama Dokta.

Simu ya Kanali ikaita. Kioo kikajaa uso mdogo uliokunjamana, ukapiga mwayo.

— Mimi niandike Babu, — alisema Kanali bila kuinua macho.