Cyrus Wadleigh, Mpambe Aliyebaki Shambani Siku ya Kura

Tarehe 31 Desemba 1914, baada ya karibu miaka ishirini na minane ya utumishi, Bwana Cyrus Wadleigh anastaafu kazi ya Mpambe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo letu. Vyama vimepokezana viti, maspika wamekuja na kuondoka, lakini kila bunge jipya lilimchagua tena yeye kulinda mlango, kutuliza wenye hasira na kuwafuata wabunge watoro popote walipo. Mimi nimekuwa naibu wake kwa muda mrefu, na wenzangu wamenituma niseme machache. Machache hayatawezekana.

Alizaliwa kwa mfua vyuma, akajaribu kazi hiyo mwenyewe, mgongo ukamkatalia. Alipofika hapa mwaka 1887 alikuwa mjane mwenye mabinti watatu wadogo. Asubuhi aliwasuka nywele, kisha akaja kuwatenganisha watu wazima wanaotaka kupigana. Alikuwa akisema kazi ya asubuhi ndiyo ngumu.

Vijana wetu wa leo hawajui wakati ule maseneta wa taifa walichaguliwaje. Mwananchi hakuwapigia kura. Alimchagua mbunge wa jimbo, na wabunge wa mabaraza yote mawili ndio waliokaa pamoja wakamchagua seneta wa kwenda Washington. Mshindi asipopatikana, walirudi kesho saa sita mchana wakapiga kura tena, na keshokutwa, na kuendelea, hata kama kazi nyingine zote zimelala.

Majira ya baridi ya mwaka 1893 zililala kwelikweli. Wakili wa reli, Bwana Orcutt, na Jaji Wendt walikaribiana kura wiki baada ya wiki, wala hakuna aliyefikisha kura za kutosha. Wabunge walichoka hadi mmoja wao akampigia kura Bwana Wadleigh mwenyewe. Ukumbi mzima ukamgeukia pale mlangoni.

“Asante, Mheshimiwa,” akajibu, “lakini mimi nina kazi.”

Ndipo ikaonekana kwamba kiti kimoja kilikuwa kitupu kwa siku kadhaa. Kilikuwa cha Bwana Nils Torvik, mfugaji wa ng'ombe kutoka kaskazini, mtu mkimya ambaye chama chake kilimhesabu upande wa Orcutt. Spika wa wakati huo, Bwana Horace Mapes, naye alikuwa wa Orcutt, na sasa kura moja tu ingetosha. Akatia saini hati ya kukamatwa, akamkabidhi Mpambe.

“Mlete huyo Mnorwei. Mfunge kamba ukibidi.”

Bwana Wadleigh akapanda treni, kisha akakodi kigari cha theluji, akafika kwa Torvik alasiri. Alimkuta jikoni na mtoto mchanga begani. Mkewe, Ragna, alikuwa kitandani anatetemeka kwa homa ya uzazi. Daktari wa karibu aliishi ng'ambo ya mto; moshi wa nyumba yake ulionekana dirishani. Lakini barafu ya mtoni ilikuwa imeanza kupasuka, na daraja hakuna.

Torvik alipoiona beji alinyanyua chuma cha moto cha kuchochea jiko.

“Ukitaka kunichukua, nichukue maiti. Simwachi mke wangu peke yake.”

“Weka chini hicho chuma, bwana, utamchoma mtoto,” akasema Mpambe. “Kwa nini hukuja kusema?”

“Nimwambie nani? Watu wangu walinituma bungeni niombe daraja. Tangu Januari nimesikia Orcutt na Wendt, Wendt na Orcutt. Daraja halijatajwa hata siku moja.”

Bwana Wadleigh akamgusa mama mgonjwa paji la uso, akavua koti. Mkewe mwenyewe alikufa kwa homa kama ile. Jambo hilo alinieleza miaka mingi baadaye, na mara moja tu.

“Sikiliza, Torvik. Mjini kuna daktari, na kuna treni ya alfajiri. Nenda wewe. Saa sita piga kura yako, umpigie unayemtaka, kisha rudi na daktari. Mimi nabaki hapa.”

“Wewe? Unajua kukamua?”

“Nitajifunza. Kubembeleza mtoto najua.”

Torvik akamkabidhi mtoto. “Nisiporudi je?”

“Basi nitakuwa nimepata ng'ombe. Vaa hii beji, watakupandisha treni bila maswali.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ya pili, mimi nikiwa nimeshika mlango badala ya mkubwa wangu, mshitakiwa aliingia peke yake, theluji kwenye ndevu, beji ya Mpambe kifuani.

“Mpambe yuko wapi?” akanguruma Spika.

“Anakamua, Bwana Spika. Nimejikamata, nimejileta.”

Kicheko kilitikisa vioo. Lilipoitwa jina lake, Torvik akasema, “Wendt,” na kicheko kikazimika ghafla. Seneta alikuwa amepatikana. Torvik hakungoja kupongezwa wala kulaaniwa. Daktari alikuwa ameshakubali kukutana naye stesheni.

Ragna alipona. Daktari alisema kuchelewa siku moja zaidi kungemmaliza. Mwenyewe alituambia baadaye kwamba uji wa Bwana Wadleigh ndio uliomtisha hadi akaamua kupona.

Spika Mapes hakucheka. Alidai Mpambe afukuzwe, akimshutumu kumgeuza mbunge.

“Mlizungumza nini huko?” akauliza mbele ya wote.

“Ng'ombe, Bwana Spika. Yule mwekundu anapiga teke.”

Nilimwona Bwana Wadleigh akiwa ameshika ukingo wa meza. Alikuwa na mabinti watatu wa kulisha. Torvik akasimama, akatoa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kusikia: “Yeye alinisaidia nikafika. Nilichosema nilikisema mimi.” Hoja ya kumfukuza ikaanguka, hata watu wa Orcutt wakiipinga. Wiki hiyohiyo, bunge likiwa sasa lina nafasi, daraja likapitishwa.

Mwaka jana katiba ya taifa ilibadilishwa, na Novemba hii wananchi wamemchagua seneta wenyewe kwa mara ya kwanza. Bwana Wadleigh alifika kituoni mapema, akiwa amevaa koti la kanisani. Alipotoka, mtu akamtania kama hatatamani mambo ya zamani. Akajibu kwamba atazikumbuka kelele, ila tumbo lake halitakumbuka kungojea chakula cha mchana.

Habari njema tumeiweka mwisho. Tarehe 9 Januari Bwana Wadleigh atafunga ndoa na Bibi Adelia Strunk, aliyetupikia sote kwenye nyumba ya wageni ya Mtaa wa Tatu. Sote tumealikwa, na Bibi Adelia ameagiza kwamba bwana harusi asiguse sufuria.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante, mkubwa wetu. Ulitufundisha kushika mlango bila kuusahau uso wa anayeupita. Nenda ukapumzike. Nyumba yako iwe na joto, meza yako iwe na watu, na miaka iliyobaki iwe mingi na mitamu.