Kipande cha Yai: Tunamkumbuka Adwoa Birago

Wasikilizaji wapendwa, leo hatufungui na muziki. Mama yake ameomba hivyo, nami nimekubali. Sogeeni karibu na redio. Mimi ni Akwasi Dapaah wenu, na leo tunamkumbuka Adwoa Birago, binti wa hapa hapa Kumasi, mtengeneza filamu na mhariri msaidizi. Ametutoka Alhamisi iliyopita akiwa na miaka ishirini na saba. Ugonjwa ni ule ule aliozaliwa nao, selimundu. Miaka ishirini na saba, jamani.

Wengi wenu hamjawahi kuona sura yake, na si kosa lenu. Mhariri msaidizi haonekani. Kadi zinatoka kwenye kamera, yeye anazipokea, anazinakili, anaoanisha picha na sauti, anavipa vipande majina. Kisha anakuja mhariri mkuu, anakaa kwenye kiti chake na kusifiwa. Birago aliifanya kazi hiyo kwa Kaka Ntiamoah, mwenye studio ya filamu hapa Bantama, ghorofa ya chini ya studio yetu. Ngazi yetu ni moja. Asubuhi nilimkuta kwenye ngazi hizo na uji wake na bajia mbili za kunde. Nikimwambia, "Dada, utakatika kiuno na hizo bajia mbili," ananijibu, "Kaka Dapaah, wewe kula zako na zangu. Redio haionyeshi tumbo."

Sasa kuna jambo nataka kuwasimulia. Wengi mlilisikia sokoni likiwa limepinda. Leo nalinyoosha.

Mnajua desturi ya watu wetu wa filamu. Anayelazwa jenezani kwenye mchezo hainuki hivi hivi. Kamera haizimwi. Anaketi mle mle jenezani, anataja jina lake mwenyewe, si la mchezo, kisha anakula yai la kuchemsha mpaka alimalize. Aliyekufa mbele ya kamera sharti afufukie mbele ya kamera. Ninyi watazamaji hamkioni kipande hicho, kwa sababu kinakatwa. Kinakatwa, lakini hakifutwi. Na pale kwa Kaka Ntiamoah, mtunzaji wa vipande vya mayai alikuwa Birago.

Miaka minne iliyopita walipiga filamu ya mama malkia aliyelishwa sumu na nduguze. Mama malkia alikuwa Eno Pinamang. Huyo sina haja ya kumweleza, mmemlilia wenyewe kwenye filamu kila Pasaka. Eno amelala majenezani kuliko mtu yeyote mjini hapa. Siku ya jeneza mvua ilikuwa inakuja, na mpiga picha, kijana anayeitwa Badu, alikuwa kwenye betri ya mwisho. Mwongozaji aliposema kata, Badu akazima na kukimbilia kufunika vyombo. Eno akaketi, akataja jina lake, akala yai lake. Watu wakapiga makofi. Kamera ilikuwa imelala.

Hakuna aliyejua. Birago ndiye aliyegundua, kesho yake mezani. Alipitia kadi mara ya kwanza, akapitia tena. Jeneza lipo. Kifo kipo. Yai halipo.

Akamwita Badu. Badu akatazama, akakaa chini.

"Dada Birago, chukua yai la mwaka jana," akasema. "Lile la filamu ya mahakama. Eno ni yule yule, yai ni lile lile. Libandike jina jipya, basi."

"Mwaka jana alivaa nyeusi. Hapa kavaa nyekundu."

"Kwani kifo kinaangalia nguo?"

"Sijui kinaangalia nini," Birago akasema. "Ndiyo maana sitaki kukidanganya."

Hapo hapo simu ya studio ikalia. Wasikilizaji wapendwa, Eno Pinamang ana mazoea yake. Kila baada ya jeneza hupiga simu na kuuliza swali moja tu: "Yai langu limefika?" Huambiwa limefika, hushukuru, hukata. Birago akainua mkono wa simu. Badu alikuwa amepiga magoti, anatikisa kichwa, anaashiria: sema limefika, sema limefika.

Mimi ningesema limefika, nawaambieni kweli. Ningesema, na ningelala usingizi.

Birago akasema, "Halijafika, Eno. Kamera ilizimwa mapema. Kesho tunakuja kulipiga upya."

Eno hakushukuru. Kisha simu ikakatwa.

Kesho hiyo haikufika kama ilivyopangwa. Asubuhi habari zikapanda ngazi hizi mpaka kwangu: Eno kaanguka bafuni. Daktari akasema ni presha, akaandika dawa, akasema apumzike nyumbani. Lakini Eno alikataa dawa. Akakataa na chakula. Wakimletea uji anasema, "Nani anamlisha maiti? Mimi bado nimo jenezani. Wameniacha humo."

Na hapo maji yakazidi unga. Badu, kwa woga wake, akawaambia watu kwamba kipande kilikuwepo, ila yule binti wa kompyuta alikifuta. Adhuhuri vijana wa ukoo wa Eno wakawa wamesimama mlangoni pale chini. Nilichungulia dirishani nikawaona. Hawakupiga kelele. Heri wangepiga. Walisimama tu wamekunja mikono, na Kaka Ntiamoah akajifungia ndani, akamwambia Birago apitie mlango wa nyuma aende kwa mama yake mpaka mambo yatulie.

Birago alichukua kamera ndogo ya studio. Tafadhali kumbukeni, huyu hakuwa mpiga picha. Alikuwa mhariri msaidizi, hajawahi kupewa kamera hata ya harusi. Akanunua yai kwa mama muuza mayai hapo kona. Halafu akatoka kwa mlango wa mbele. Wa mbele, wasikilizaji wapendwa, penye vijana.

"Mimi ndiye Birago," akawaambia. "Nipelekeni kwake."

Nami nikashuka ngazi nikawafuata. Sikuwa na ushujaa wowote. Niliona aibu tu kubaki dirishani.

Nyumbani kwa Eno, kule Tafo, mlango ulikuwa umezibwa na mwanawe mkubwa, Yaw Amoateng, jitu la kuuza vipuri vya malori. Alimtazama Birago toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyemuua mama yangu kwa simu?"

"Hajafa. Niache nipite kabla hajaamini kabisa."

"Ukipita na akafa mbele ya hiyo kamera yako, hutatoka humu."

"Sawa," Birago akasema. "Lakini mkitaka kunipiga, ngojeni nimalize. Mkinivunja mkono sasa, kamera atashika nani? Wewe?"

Mmoja wa vijana akacheka, akajizuia. Yaw hakucheka. Alikuwa ameshainua mkono, na sijui ungetua wapi, ndipo sauti chovu ikatoka chumbani: "Nani huyo anabishana mlangoni kwangu kama muuza nyanya?"

"Ni mimi, Eno. Nimekuja na yai."

Eno akauliza: "Wamemsimamishia nini mtoto huyo nje?"

Tukaingia. Eno alikuwa amelazwa chali, kajifunika shuka mpaka kidevuni, mikono imepangwa kifuani kama kwenye filamu. Birago akamenya yai. Akawasha kamera. Taa ya betri ilikuwa nyekundu tayari, kwa haraka zake alisahau kuichaji. Aliiona. Mimi niliiona. Akaendelea.

"Eno, keti. Sema jina lako."

Eno alichukua muda kuketi. Alikuwa hajala tangu jana yake, na mwili ulikuwa umeanza kuzoea kulala. Akataja jina lake, la baba yake, la kijiji chao. Akapokea yai. Akang'ata. Na lile yai likamkwama.

Akakohoa. Macho yakamtoka. Yaw akaruka mbele, na Birago, huku kamera iko usoni, akanyoosha mkono mmoja akamzuia jitu lile kifuani. Mkono mmoja, wa mtu ambaye baridi tu ya usiku humlaza wiki. Akasema maneno ambayo mtayasikia punde. Taa nyekundu ilikuwa inapepesa.

Eno akameza. Akang'ata tena, akatafuna, akameza, mpaka yai likaisha. Akajifuta mdomo kwa shuka na kumgeukia mwanawe.

"Lete hizo dawa zenu. Na chumvi. Mtoto huyu kaleta yai bila chumvi."

Kamera ikazimika yenyewe.

Mimi si mganga, nisemacho ni nilichokiona. Badu alikwenda kuomba radhi, na Eno akamsamehe baada ya kumchapa makofi mawili. Picha zile Birago aliziomba, Eno akaridhia, zikawa filamu yake ya kwanza. Haina mkato hata mmoja. Tuliitazama ukutani, uani kwa Eno, na Yaw Amoateng ndiye aliyeleta viti. Tangu siku hiyo watu wakaacha kumwita binti wa kompyuta. Alitengeneza filamu nyingine mbili, huku akiendelea kupanga vipande vya wenzake. Ya nne imebaki mezani.

Kaka yake, Kwabena, aliniambia jana: "Tumetafuta picha yake inayotembea ya kuonyesha kwenye msiba. Hakuna. Muda wote yeye alikuwa nyuma. Tumepata mkono wake tu, ukimzuia Yaw."

Na Eno Pinamang alifika msibani kwa nguo nyekundu na nyeusi. Aliketi karibu na mwili muda mrefu. Alipotoka nilimshika mkono, akaniambia: "Dapaah, mimi wamenilaza mara ngapi, na kila mara wameniita nikaamka. Nimekaa pale nasubiri mtu amwite huyu mtoto. Nikamwita mwenyewe. Nikamwita tena."

Kwa mama yake, kwa Kwabena, kwa ukoo wote na kwa Kaka Ntiamoah, poleni. Poleni sana. Mungu awashike mikono. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tumemlaza mahali, kwa neno au kwa uzembe, tukazima na kukimbia mvua? Kama yupo, nendeni leo mkamwite kwa jina lake.

Sura yake hatuna, wasikilizaji wapendwa. Sauti tunayo. Hii hapa, kutoka chumba kile cha Tafo, Eno anakohoa na taa inapepesa. Msikilizeni Adwoa Birago.

"Mwacheni, mwacheni. Tafuna taratibu, Eno. Usiogope. Mimi sizimi."