Mchango wa Daktari Stanislausi

Benchi la kijiwe cha Kigera ni ubao wa mtumbwi uliostaafu, umelazwa juu ya matofali na kuegemezwa ukuta wa duka la ushirika ambalo siku hizi linauza mitumba. Siku ile drafti ilikuwa imelala chini ya benchi na hakuna aliyeigusa. Tangu Alhamisi mji ulikuwa umeinamisha kichwa. Daktari Stanislausi, aliyepasua na kushona nusu ya Musoma, alikuwa amelazwa kwenye chumba cha maiti cha hospitali aliyoitumikia, na ukoo wake kule Nyegina ulikuwa haujakubaliana apelekwe wapi. Ilisemekana kwamba kabla ya kukata roho aliagiza asizikwe. Mwili wake upelekwe Dar es Salaam, kwenye chuo alikosomea udaktari, vijana wakajifunzie. Wazee wa ukoo wakajibu kwa ufupi: maneno ya upepo hatuyasikii. Kama kuna waliomsikia kwa masikio yao, waje wawili, wasiwe wa nyumba yake, wayatamke mbele yetu alasiri hii. Wasipokuja, kesho tunazika.

Florian alilijua jambo hilo kuliko wote pale benchini, na ndiyo maana alikuwa anacheka kuliko wote.

Walimwita Digrii. Alirudi nayo kutoka chuo kikuu mwaka ule serikali ilipofunga milango ya ajira, na tangu hapo alikuwa anaivaa ulimini, maana pengine pa kuivaa hapakuwepo.

– Mimi nawaambia hii ni biashara, alianza Keraryo. Huyu alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo, alikokuwa karani wa stoo, lakini kijiweni alikuwa Meneja. – Nyie mnaona sangara. Minofu inapanda ndege inaenda Ulaya, sisi tunabaki na vichwa na mifupa. Sasa kwa Daktari watageuza. Nyama itabaki, mifupa ndiyo itapanda ndege.

– Mifupa ya nini, Meneja?

– Inasimamishwaga kwenye vioo huko. Mzungu analipa kuangalia.

– It's called comparative advantage, wazee, alisema Florian. Kila nchi inauza ilicho nacho kwa wingi. Sisi tuna maiti.

Walicheka kidogo, cheko la watu wenye msiba. Rafaeli muuza kahawa hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kwenye jiko lake, anapuliza makaa. Yeye aliitwa Waziri wa Maji, kwa sababu ya wepesi wa kahawa yake.

– Mimi sisumbuliwi na biashara, alisema Mwikwabe, mfanyabiashara wa ng'ombe anayezunguka minada yote ya Bunda na Butiama, mtu mzito, mwenye koti zito, kijiweni akiitwa Mnada. – Mimi nasumbuliwa na siku ya ufufuo. Parapanda inalia, watu wanatoka makaburini kwao, kila mtu na ndugu zake. Daktari anaamkia wapi? Kwenye pipa la dawa! Mguu uko darasa hili, mkono uko darasa lile. Atavikusanya saa ngapi?

– Malaika watamsaidia.

– Malaika wana kazi nyingi siku hiyo, mura, kijana wangu.

– Nyote hamjaona, alisema Keraryo, na sasa alikuwa amesimama. – Hii ni masharti ya wale wakopeshaji wakubwa wa dunia. Kwanza walisema mwanafunzi achangie chakula. Tukanyamaza. Wakasema achangie kitanda. Tukanyamaza. Sasa ni maiti! Mwakani mtoto wako akichaguliwa, barua itasema aje na godoro, ndoo, na marehemu mmoja.

– Cost sharing! Florian alipiga paja. – Meneja, wewe ndiye ulipaswa kupewa digrii, mimi nipewe stoo.

Akazidi kuwachochea. Kila walipopoa aliwatupia neno, nao wakapanda tena. Alijua vizuri anachofanya. Kadiri jambo lile lilivyozidi kuonekana la kichaa, ndivyo kiti chake pale benchini kilivyozidi kuwa salama. Jua likishuka na bado wanacheka, kesho Daktari atazikwa kwao kama watu wote, na hakuna atakayemuuliza mtu kitu.

Rafaeli akainua kichwa.

– Florian. Tunaondoka sasa hivi au kwanza nimalize hii birika?

– Tunaondoka kwenda wapi?

– Nyegina.

Kicheko kilikatika. Keraryo aliketi polepole.

– Ninyi? Ninyi ndio mlimsikia?

– Mimi na yeye, alisema Rafaeli. – Nilimpelekeaga kahawa jioni, hata madaktari wenzake walipomkataza. Siku ile tulikuwa wawili, mkewe ametoka kuchota maji. Akatuambia sogeeni.

– Na umekaa hapa asubuhi yote unatuacha tunaropoka!

– Nilikuwa namsubiri Digrii amalize kucheka.

Florian aliona macho yote yamemgeukia. Alichukua kikombe, akakuta kitupu, akakirudisha.

– Sikilizeni. Mtu yuko kitandani anakufa, amekushika mkono. Anakuuliza, utanisemea? Unamjibu nini? No? Nilisema ndiyo kama vile mtu anavyosema pole. Basi.

– Hukusema ndiyo ya pole, alisema Rafaeli.

– Wewe unajua ndiyo yangu ilikuwa ya aina gani?

– Alikuomba kwa jina.

Florian alisimama. Hasira ilimpanda, na afadhali ilivyopanda, kwani ilikuwa nyepesi kubeba kuliko kile kilichokuwa chini yake.

– Chuo! Chuo kimenipa nini mimi? Miaka yangu wanayo. Macho yangu wanayo, niliyasomea mshumaa umeme ukikatika. Wakanipa karatasi, wakafunga mlango nyuma yangu. Nimepeleka maombi ya kazi mpaka posta wananijua kwa kikohozi. I owe them nothing! Halafu niende mbele ya wazee wa Nyegina, niwanyang'anye mtoto wao, nikawape wale? Wakajifunzie watoto wa nani? Watoto wa wenye hela, maana sasa hivi ndio wanaoweza kulipa.

– Boke wa Bunda ni mtoto wa mwenye hela? aliuliza Mwikwabe.

– Boke gani?

– Boke yule wa udaktari. Mama yake anauza dagaa sokoni, mimi nawajua. Parokia ilimchangia. Wamama wa jumuiya walitoa mahindi, wengine kuku, mimi mwenyewe nilitoa ndama, na sijasoma hata darasa la tano. Nauli na vitabu alilipa Daktari na wenzake, wale wasomi wa Mara wa zamani. Yuko huko huko Dar. Sasa atajifunzia kwa nani?

Hakuna aliyetarajia swali hilo litoke kwa mtu wa pipa la dawa, na Mwikwabe mwenyewe alionekana kushtuka.

– Waziri, alisema, akigeuka. – Alisema nini hasa? Neno kwa neno.

Rafaeli alifuta mikono kwenye aproni. Hakuwa mtu wa hotuba, na aliongea akiangalia makaa.

– Alisema, tulipoanza chuo tulipewa mtu mmoja. Tumemzunguka wengi. Alikuwa ameokotwa barabarani, hajulikani kwao, hakuna aliyekuja kumdai. Tukajifunzia kwake mwaka mzima. Akasema, kila tumbo nililofungua hapa Musoma, yule ndiye aliyenionyesha njia ya kupitisha mkono. Hata jina lake silijui. Akanyamaza pale, nikadhani amelala. Kisha akasema, yule hakuulizwa. Mimi nimeulizwa na nafsi yangu, na nimesema ndiyo.

Mwikwabe alikuwa amefungua koti. Mkono wake mkubwa uliingia chini ya shati, upande wa kulia wa tumbo, pale utumbo ulipomtia wazimu mwaka ule wa njaa ya unga wa njano, Daktari akampasua kwa taa ya kandili. Alibaki ameuweka pale.

– Ina maana mimi nimeponywa na mtu wa barabarani, alisema.



– Sawa, alisema Keraryo, lakini sauti ilikuwa imeshuka. – Mimi nakubali ni jambo kubwa. Lakini wa barabarani si bado wapo? Waendelee na hao hao, ndivyo wanavyofanyaga. Wasio na ndugu, wasio na kazi, wamekufa huko mjini hakuna anayewauliza. Kwa nini achukuliwe mtu wa watu?

Neno hilo lilimwingia Florian mahali ambapo hakuwa amejifunika. Aliona kituo cha reli Dar es Salaam, kibaraza cha saruji alicholalia wiki nzima akitafuta kazi, bahasha ya vyeti chini ya kichwa. Homa ilimshika pale pale. Mama mmoja muuza chapati ndiye aliyemwamsha na kumpa maji. Mama yule asingepita, ingekuwaje?

– Ningerudi chuo mara ya pili, alisema. – Safari hii bila ada.

– Unasemaje?

– Mimi ndiye huyo wa barabarani, Meneja. Asiye na kazi, amekufa mjini, hakuna anayemuuliza. Unamsema mimi.

– Mura, sikukusudia wewe.

– Najua hukukusudia. Hakuna anayemkusudiaga.

Akaketi. Kwa muda alichezea kifungo cha shati. Kisha akasema, na safari hii Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka:

– Waziri hajamaliza. Kuna ambalo aliniambia mimi. Alisema, sisi wenzako tuliosoma huwa tunachangia kila mwaka. Huyu vitabu, huyu darubini ya maabara, huyu nauli ya mtoto wa mkulima. Wewe hukuja hata kikao kimoja, na najua uliona aibu kuja mikono mitupu. Mimi sikuombi kitu cha mkononi, Florian. Unao mdomo mkali, nimeusikia pale kijiweni ukiwachana watu. Nitolee huo. Mara moja tu.

– Ukasema? aliuliza Mwikwabe.

– Nikasema, nitautoa.

Rafaeli alianza kutoa makaa jikoni moja moja, akiyazima kwenye mchanga.

Wakati huo ndipo Mama Hyasinta, mjane wa Daktari, alipotokea upande wa hospitali. Alikuwa na kanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, na kifurushi cha nguo za marehemu mkononi. Alikuwa anasubiri gari la parokia limpeleke Nyegina, na gari hupita pale kwenye kona. Wote walisimama.

– Pole, mama. Pole sana.

– Nimeshapoa. Kaeni.

Hawakukaa mpaka alipokaa yeye. Rafaeli alimmiminia kilichobaki, kikombe hakikujaa. Mama akakipokea kwa mikono miwili.

– Mama, alisema Florian, mimi na Rafaeli tunakuja huko. Tutasema alichosema. Wazee wakitaka kubishana, nitabishana nao mpaka usiku. Nitawaeleza chuo ni nini, na daktari anatengenezwa vipi, na...

– Najua utaweza, mwanangu. Aliniambia na mimi, kabla yenu. Nililia siku mbili, halafu nikamwambia sawa. Neno la mke wanasema ni neno la huzuni, ndiyo maana wanawataka ninyi.

Alikunywa kidogo.

– Sikatai aende. Nauliza kitu kimoja. Wale vijana wakishamaliza naye, nani ataenda kumchukua?

Florian alifungua mdomo.

– Nadhani chuo kina utaratibu, mama.

– Utaratibu wa kuzika?

– Nadhani.

– Wanazika wapi?

Florian hakujua. Alitazama upande wa Keraryo, na Keraryo akatazama viatu vyake. Mwikwabe, mtu aliyewahi kuswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, alikuwa anahesabu kimya kimya umbali wa Dar es Salaam, na midomo yake ilikwama katikati. Rafaeli alikuwa ameshika birika tupu kana kwamba bado lina kitu.

– Siyo leo, alisema Mama Hyasinta kwa upole, kama anayewasaidia. – Itakuwa mwaka, miaka miwili. Mtakuwa mmeshasahau msiba. Nauliza tu. Yule wa kwanza, aliyemfundisha mume wangu, hakuna aliyeenda kumchukua. Huyu nani ataenda?

Honi ililia kwenye kona. Mama aliweka kikombe juu ya ubao, akasema asante, akatembea kuelekea kwenye gari.

Mwikwabe alivua koti lake.

– Vaa. Huwezi kusimama mbele ya wazee na shati limekosa kola.

– Litanimeza, Mnada.

– Likumeze. Vaa.

Florian akalivaa. Lilimfika magotini, na lilinuka mnada. Rafaeli alipanda kwanza nyuma ya gari, kati ya mabenchi ya kanisa na gunia la mchele wa msiba. Mama Hyasinta alikuwa amekataa kukaa mbele na dereva. Alikuwa ameketi kwenye mkeka huko huko nyuma, kifurushi kikiwa mapajani.

Maneno ya kuwaambia wazee Florian alikuwa nayo yote, yamejipanga, makali. La kumjibu mama huyu hakuwa nalo. Alisimama mguu mmoja kwenye bampa, mkono kwenye chuma, akilitafuta.

Mama akasogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa.