Maji Tumboni mwa Boti ya Kapteni

Hili ninalokwambia liishie hapa hapa. Usimwambie jirani, usimwambie mkwe, na hata ukiota usiote kwa sauti. Hivyo ndivyo mke wa Kapteni alivyomwapisha Bi Birika asubuhi ile, na Bi Birika, muuza kahawa wa kona inayotazama gati la boti ndogo, akaapa vizuri kabisa, mkono kifuani. Kisha akavuka barabara, akawasha jiko, akapanga vikombe kwenye sinia, na kabla birika halijaanza kuchemka alikuwa anawaapisha wengine watatu. Benchi la pale ni refu, mguu wake mmoja umewekewa tofali, na lina sheria ambayo hakuna anayekumbuka nani aliitunga: anayeinuka amepoteza nafasi. Basi hawainuki. Boti zote za gatini wanazitengeneza kwa mdomo, wamekaa.

— Niapieni kwanza, Bi Birika alisema.

— Tumeapa, alijibu Kinyozi, ambaye duka lake liko nyuma ya benchi na wateja humfuata hapo hapo.

— Wewe hujaapa, umepiga funda tu. Haya. Bintiye Kapteni, yule wa ng'ambo ya ghuba, alijifungua. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, na bibi yake hajambeba hata siku moja. Mama wa watu kafunga mizigo. Kapteni kamwahidi Jumamosi wanakwenda na boti yao, mradi maji yasirudi. Mama hataki litangazwe, safari imeahirishwa mara nyingi mpaka anaona haya kupita hapa.

— Si apande basi, azunguke kwa barabara? Redio aliuliza. Huyu walimpa jina hilo kwa sababu huwasomea wenzake gazeti, na akishaanza hana kitufe cha kuzimia.

— Mzee kasema hawezi kubanana kwenye basi wakati ana boti yake. Na mkewe kasema bila mumewe haendi.

Wote waligeuka kumtazama Fundi Grisi, aliyekaa mwisho wa benchi akikisugua kikombe kana kwamba nacho kina kutu. Kapteni hakuwahi kuwa kapteni wa chochote. Alistaafu ofisi ya ardhi, akanunua boti ya injini yenye chumba, kitanda cha watu wawili na jiko la kupikia chai. Akirudi safari moja huitunza hadi safari nyingine kama mtu anayelea: oili mpya, rangi mpya, vitasa vipya. Ila tangu safari ya mwisho, kila siku, hata pakikaushwa, ukirudi kuinua mbao za sakafu unakuta maji. Na aliyepewa kazi ya kuyazuia ni Fundi Grisi.

— Mnanitazama nini? alisema Fundi. Boti tumeipandisha nchi kavu, nimeikagua kama daktari. Pale shafti inapotokea nje nimefunga pakingi mpya ya kuzuia maji. Pampu mpya. Jana nimekausha kwa kitambaa, na leo nimepita mwenyewe, pakavu, unaweza kulaza mtoto.

— Jana pia ulisema hivyo, Kinyozi alimkumbusha.

— Ndiyo. Na juzi. Gati zima sasa linaniita Fundi Chujio, na kuna mteja kahamisha injini yake kwa mwingine. Nicheke?

Bi Birika alimmiminia kahawa bila kuulizwa. Yeye hupenda habari kuliko chakula, lakini aliujua uso wa mtu anayekaribia kulia kwa hasira, na akaona afadhali azungumze Kinyozi.

— Mimi nasema ni jasho, Kinyozi alisema. Injini ikipoa usiku inatoka jasho. Hata kichwa cha mteja nikikifunika taulo la moto kinatoka.

— Jasho la ndoo nzima?

— Injini kubwa ile.

— Si jasho, alisema Redio. Ni pweza. Amelijua lile tundu la kutolea maji. Analifungua kwa mkono, yanaingia, analifunga.

— Na kwa nini alifunge?

— Asijulikane.

— Basi pweza ana adabu kukushinda, alisema Bi Birika.

— Au boti yenyewe inakataa, Kinyozi aliendelea, sasa amekunja miguu juu ya benchi. Mzee kaibadilisha mno. Zile saa za kuonyesha mafuta na mwendo kazing'oa, kaweka kubwa kama sahani. Mbele kafunga taa, ukiiwasha samaki wanadhani kumekucha. Boti imejitazama, haijijui. Ina huzuni. Inakunywa.

— Mzee anapenda makubwa siku hizi, Redio alikubali. Hata gazeti ananiambia nimsomee vichwa vya habari, na vile vimeandikwa kama bango.

Bi Birika alisimamisha birika hewani kidogo. Kilipita kitu kichwani mwake, lakini wakati huo huo Kapteni mwenyewe alikuwa anakuja, kofia imenyooka, mkono mmoja ukiupapasa ukuta wa duka la Kinyozi kama mtu anayejaribu ubora wa chokaa. Wakanyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo hata asiyeapishwa angeling'amua.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Redio, hali ya hewa imeandikwaje? Miwani nimeisahau nyumbani.

— Shwari mpaka Jumapili.

Kapteni hakufurahi. Bi Birika alimwangalia vizuri: mtu ameambiwa bahari imetulia, naye anashusha kofia kama ameambiwa msiba.

— Haya, alisema. Ngoja niteremke nikaone kama yamerudi.

— Yatarudi vipi mzee, nimetoka kuangalia, alisema Fundi.

— Maji ya bahari hayana ahadi, mwanangu, Kapteni alisema kwa upole, akashuka gatini taratibu.

Fundi aliinamisha kichwa. Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja mwenye begi mgongoni, mgeni, anasubiri betri ya boti yake ichajiwe dukani. Alikuwa ameshakunywa vikombe viwili.

— Samahanini, alisema. Hayo maji yana chumvi?

— Unasemaje?

— Mnasema ni ya bahari. Mmeyaonja?

Kinyozi alimtazama Redio. Redio alimtazama Fundi. Fundi alikuwa ameyakausha maji yale kwa ndoo, kwa pampu, kwa kitambaa na kwa sifongo, na siku zote alikuwa akitazama yanakopitia. Mwenye boti alisema ni ya bahari. Nani ataonja maji ya chini ya injini, na mwenye boti ameshasema?

Akaweka kikombe chini. Akainuka.

— Nafasi yako, Kinyozi alimwonya.

— Kaa nayo.

Redio naye akainuka, kisha Kinyozi, kisha Bi Birika akaliacha birika jikoni na kahawa yake, na lile benchi likabaki tupu. Njiani wakakutana na mke wa Kapteni, amebeba mapazia aliyoshona mwenyewe kwa ajili ya madirisha ya boti, yamepigwa pasi, yamekunjwa mkononi. Aliwaona wote wanne wamesimama kwa miguu yao, akajua kuna jambo.

— Bi Birika, umesema?

— Nimesema kidogo. Twende.

Kabla hawajafika waliisikia sauti ya bomba. Mpira wa kuoshea boti ulikuwa umevutwa kutoka gatini, ukapita dirishani, ukaingia sakafuni. Kapteni alikuwa amepiga magoti, mbao mbili zimeinuliwa pembeni, ameushika mpira kwa mikono miwili kama anamwagilia bustani. Fundi aliinama ukingoni, akakinga kiganja penye kitundu cha mpira, akaonja. Akatikisa kichwa: hayana chumvi.

Vivuli vyao vilimfikia Kapteni, naye akainua uso. Jua la asubuhi lilikuwa limeshapanda, kweupe. Walikuwa karibu kiasi cha kupeana mkono, mkewe mbele, na mapazia yake.

— Nani hapo? Kapteni aliuliza.

Bi Birika akaikumbuka ile taa, na zile saa kubwa kama sahani, na mkono kwenye ukuta. Akajishika mdomo kwa ncha ya khanga.

— Ni mimi, mkewe alisema.

Mpira uliendelea kumwaga maji mkononi mwa Kapteni. Hakuuficha, hakuuangusha.

— Na nani mwingine?

Yule mama aliyaweka mapazia juu ya kiti kikavu, akavua viatu, akateremka ndani ya maji.

— Watu wote, alisema.