Petroli ya Nesi Regina

Pale Genkuru, njia inapochepuka kuelekea machimboni, kuna benchi la mbao mbele ya jiko la Tabitha, muuza kahawa. Wenye benchi ni wawili: Mzee Simioni, waliyembatiza Redio kwa kuwa hazimwi, na Maige, Msukuma aliyekuja kufuata dhahabu, wanayemwita Karasha kwa ajili ya mashine ya kusaga mawe anayoihudumia. Asubuhi hiyo Mwikwabe alifika akiisukuma pikipiki kuukuu ya marehemu mkewe, Regina, aliyekuwa nesi wa zahanati. Ilikuwa imelala stoo miaka miwili, tangu wamzike. Mwikwabe hakuwa na safari. Alitaka tu kuusikia tena ule mlio ambao jioni ulikuwa ukimwambia, kutoka mbali kule mtoni, kwamba mke anarudi, yeye abandike maji ya ugali.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mura, kijana wangu. Piga kiki tuone.

Mwikwabe alipiga mpaka jasho likamtoka. Kimya.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alisema Redio. — Na guu la pikipiki ndiyo hiyo kiki. Shida ya hii ni upepo. Chombo kikikaa ndani sana kinasahau upepo.

— Shida ni kabureta, mzee wangu, — alisema Karasha. — Petroli ikilala sana inageuka gundi, inaziba jeti. Mafuta yatapita wapi?

— Au baruti za machimboni. Ardhi ikitikiswa kila siku, chochote chenye tundu kinajiziba. Hata masikio yangu.

— Masikio yako yaliziba kabla ya machimbo, — alisema Tabitha, akimmiminia.

— Basi niwaambie ukweli. Inaomboleza. Baba alipokufa, ng'ombe wake aligoma kukamuliwa mwaka mzima. Damu nzito kuliko maji.

— Ng'ombe ana damu, — alisema Karasha. — Hii ina petroli.

— Na petroli, ni nzito kuliko maji au siyo?

Karasha alikuna kichwa, akaamua kuinuka. Aliuchomoa mpira wa mafuta chini ya tangi, akatega kidumu kilichokatwa.

— Fungua koki, kaka. Mwaga yote.

Mwikwabe aliishika koki. Vidole havikugeuka.

— Nini tena?

— Aliyajaza yeye, — alisema Mwikwabe. — Alhamisi. Jumamosi alikuwa na kliniki ya watoto ng'ambo ya mto. Ijumaa ndiyo nikampeleka hospitali.

Mwikwabe mwenyewe alishangaa kuyasikia maneno hayo yakitoka. Miaka miwili alikuwa akienda stoo, anafungua kifuniko cha tangi, ananusa, anafunga. Maadamu petroli ile ilikuwemo, ilikuwepo safari moja ambayo Regina hajaimaliza.

— Usiyamwage, — alisema Redio, kwa sauti ndogo ambayo hawakuizoea. — Yatumie kuoshea hiyo kabureta. Kazi ya mwisho aifanye mwenyewe.

Tabitha aliinua jiko lake lenye moto, akalihamishia ng'ambo ya barabara.

Koki ikafunguliwa. Petroli ilitoka na rangi ya chai ya rangi, ikinuka kama rangi ya mlango. Karasha aliifungua kabureta, akatoa bakuli la chini, akatoa boya, akaichomoa jeti na kuielekeza juani. Tundu halikupitisha mwanga hata chembe.

— Nipe waya, — alisema Redio.

— Waya utalipanua tundu, mzee. Itakunywa mafuta kama mlevi.

Karasha alichomoa unywele mmoja wa mswaki wa zamani, lakini Mwikwabe akaupokea. Alitaka kuifanya kazi hiyo yeye. Aliuchovya katika petroli ya Regina, akasugua, akazibua taratibu, akapuliza kwa mdomo mpaka ladha ya petroli ikamkaa kooni. Alipoinua tena, nukta ya jua ilipita katikati. Tangi walilitia kokoto na petroli mpya kidogo, wakalitikisa kwa zamu, kutu ikatoka kama ugoro.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Redio, akiitazama kutu.

Walisuuza, wakafunga chujio jipya, wakatia petroli safi. Kiki ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikatoa moshi mweupe. Ya tatu ikashika.

Mlio ulikuwa uleule, mzito, wenye kigugumizi kidogo kabla ya kutulia. Mwikwabe alifumba macho. Kwa muda mfupi alikuwa jikoni kwake, maji yanakaribia kuchemka, na kila kitu kikiwa njiani kuja.

Alipofumbua, mwanamke mjamzito alikuwa anakuja kwa haraka kutoka upande wa vyumba vya kupanga, mkono mmoja kiunoni. Ni Karasha aliyemtambua: Luciana, mke wa mchimbaji aliyehamia Chunya miaka mitatu iliyopita. Walikuwa wamerudi jana yake.

— Shikamooni, — alisema akihema. — Nimeisikia pikipiki nikiwa ndani, nikajua ni yenyewe. Mtoto wangu wa kwanza yeye ndiye aliyenizalisha, na huyu nimesema azaliwe mikononi mwake. Nesi yuko wapi?

Redio alimtazama Karasha. Karasha aliitazama mikono yake yenye mafuta. Mwikwabe aliizima pikipiki.

Luciana aliwaangalia mmoja mmoja, bado akitabasamu, akisubiri.