Bega la Ng'ombe wa Dada

Wapendwa, nilikubali ng'ombe abaki amefungwa chini ili sisi tukanywe kwanza. Ningekataa pale, leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

Ng'ombe hakuwa wangu. Alikuwa wa dada yangu, mjane anayeishi Kamuli, aliyenipa nimtunze huku Rugu kama tunavyofanya: maziwa ninywe mimi, ndama wa kwanza awe wake. Mimba ilikuwa kubwa, na kwato za mbele zimerefuka mpaka anatembea kwa shida. Binti mtaalamu wa mifugo wa kijiji chetu alikuwa amenionya, "Mzee, usimlaze mpaka nije." Mimi na elimu yangu ya sekondari nikaona anachelewa.

Nikaita majirani wawili. Tukamwangusha kwa kamba, ubavu wa kushoto, kwenye udongo mgumu tunapoanikia kahawa. Tulikuwa tumemaliza kupunguza ukwato mmoja tu nikaitwa kutoka ng'ambo ya migomba: "Mzee, rubisi imeiva. Hakuna anayegusa kabla hujaonja."

Mnajua kwetu pombe ya ndizi humsubiri mzee.

"Tumfungue?" akauliza jirani mmoja.

Mwenzake akacheka. "Halafu tumkamate tena? Nguvu hizo unazo wewe? Ng'ombe hana safari, atatungoja."

Nikasema, haya, abaki.

Ndugu zangu, kule kuonja kukawa kikao. Tuliporudi jua lilikuwa utosini. Tulipomfungua alijaribu kuinuka, akaanguka. Akajaribu tena, akasimama, lakini mguu wa mbele wa kushoto haukumtii. Kiwiko kilishuka, ukwato ukajikunja nyuma, akawa anauburuta na kukanyagia mgongo wa ukwato.

"Bega limetoka," wakasema. "Tulivute." Ilibaki kidogo nikubali na hilo pia. Nikampigia binti simu.

Akaja, akapapasa bega na mguu wote. "Mifupa ni mizima. Kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka begani, ndio unaonyoosha mguu. Umebanwa na uzito wake mwenyewe. Amelala muda gani?"

"Kidogo tu."

"Mzee, ukinidanganya mimi, anayeumia ni yeye."

Nikamwambia ukweli. Nikauliza kama atapona.

"Ukiwa umebanwa tu, utaamka polepole. Ukiwa umekatika, basi. Leo siwezi kujua."

Akaufunga mguu kwa vibao ili ukwato usijikunje. Tukamtandikia majani makavu ya migomba, tukawa tunamgeuza ubavu asilalie upande mmoja. Kila alfajiri nilikwenda zizini kabla ya kumsalimu mke wangu. Nilisimama nje kwanza, nikisikiliza kama bado anaburuta. Alikuwa anaburuta.

"Dada umemwambia?" mke wangu akauliza.

"Nitamwambia akipona."

"Na asipopona?"

Wiki zikapita. Siku moja ya mvua ng'ombe aliteleza kwa mguu ule, akaangukia tumbo, na usiku ule mimba ikatoka. Hapo ndipo nilipompigia dada, nikamweleza yote, na rubisi nikaitaja. Akasema, "Nakuja."

Alikuja. Hakunigombeza. Alifunga kanga kiunoni akaanza kumsugua ng'ombe bega, asubuhi na jioni, nami nikashika vibao. Ndipo siku moja, tulipovifungua, ng'ombe akautupa mguu mbele na ukwato ukakaa chini sawasawa. Dada alilia. Mimi niliketi kwenye matope.

Namshukuru yule binti aliyekataa uongo wangu, mke wangu aliyeuliza nisilotaka kuulizwa, na ninyi mlioniletea majani na maombi. Nawasihi: ukimlaza mnyama, mlaze pa laini, umalize, umfungue. Heshima ya mzee haiharibiki kwa kuchelewa kuonja.

Ng'ombe anatembea, ila anachechemea kidogo. Ndama wa dada yangu alikufa. Dada alimchukua ng'ombe wake akampa mtu mwingine amtunze, na mpaka leo hajanikabidhi tena kitu chake chochote.